Kaanguka mkarafuu: ajali ya mti au ajali ya kazi?

Kwenye kadi ya hospitali, mahali pa sababu paliandikwa "kaanguka mtini". Mahali pa kazi paliandikwa "mkulima". Hakuna uongo hapo, ila hakuna pia anayeweza kujua kilichotokea. Mti ulikuwa mkarafuu wa mtu mwingine, uliokodiwa na mtu wa tatu, na aliyeanguka alikuwa juu yake kwa sababu analipwa kwa kila pishi ya karafuu anayoshusha. Yeye mwenyewe hana hata mche mmoja.

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia. Nilimpokea baada ya upasuaji na nikakaa naye muda mrefu kuliko daktari yeyote aliyemshughulikia, ndivyo kazi yetu ilivyo. Kisa hiki nakiandika kwa ridhaa yake. Nitamwita Hamadi, ambalo si jina lake, na mambo machache ambayo yangemtambulisha nimeyabadilisha.

Ninachokitetea ni hiki: mti haukumvunja Hamadi peke yake. Namna kazi ilivyopangwa ndiyo iliyompeleka kwenye tawi lile, ikaamua abebwe vipi, na baadaye ikaamua nani alipe. Maneno mawili kwenye kadi yakayafuta yote hayo.

Asubuhi ya ajali

Ilikuwa Pemba, msimu umepamba moto na mvua za vuli zimeshaanza. Kwa asiyeujua mkarafuu: ni mti wa mita 10 hadi 15, mikongwe hupita hapo, wenye matawi mengi membamba, na ni mwepesi wa kukatika. Haupindi kwanza ukakuonya. Karafuu yenyewe ni tumba la ua, na matumba hutoka nchani mwa vitawi. Zile zinazofikiwa kutoka chini au kwenye matawi manene huisha mwanzo. Zinazobaki ni za juu na za pembezoni, pale ambapo tawi ni jembamba kabisa. Nazo hazingoji, kwani tumba likishafunguka likawa ua, bei imekwenda. Shamba zima linataka kuchumwa ndani ya wiki chache, na kila shamba la jirani linataka hivyo hivyo wakati ule ule.

Malipo ni kwa pishi. Ukishuka kuhamisha kamba, hupati kitu. Ukingoja shina likauke baada ya mvua, hupati kitu. Mchumaji hodari ni yule anayefika ambako wenziwe hawafiki, na sifa yake shambani ndiyo hiyo.

Usiku ilinyesha. Asubuhi Hamadi alipanda, kikapu kiunoni, ngoe (fimbo ya kuvutia matawi) mkononi, wenzake wawili wakiwa kwenye mti wa jirani na kaka yake chini akichambua karafuu kwenye makonyo yake. Alisimama kwenye panda, akawa anavuta vitawi kwa ngoe na kuvisafisha kimoja kimoja. "Lile tawi nilikuwa nalijua," aliniambia. "Nililikanyaga jana yake. Nilisogea mbele kidogo tu, palikuwa na vishada vizuri." Lilikatika chini ya mguu wa kushoto. Kwa makadirio ya kaka yake alianguka kama mita nane, akafikia makalio, kiwiliwili kikajikunja kwa mbele.

Anayefikia makalio hupeleka nguvu yote ya anguko kwenye uti wa mgongo, kutoka chini kwenda juu. Pingili za kifua zimeshikwa na mbavu, haziendi kokote. Pingili za kiuno zinapinda na kujizungusha. Panapokutana sehemu isiyopinda na sehemu inayopinda ndipo panapovunjika mara nyingi. Kwa Hamadi ilikuwa pingili ya kwanza ya kiuno, ile tunayoiandika L1. Ilipasuka, na kipande cha mfupa kikarudi nyuma kikauminya ugwe wa neva unaopita ndani. Kwa mtu mzima ugwe huo unamalizikia takriban hapo hapo, kwa hiyo kilichoumizwa ni mwisho wake pamoja na mizizi ya neva zinazokwenda miguuni, kwenye kibofu na kwenye njia ya haja kubwa. Mikono ilibaki mizima kabisa. Kwa miezi mingi baadaye, mikono ile ndiyo iliyokuwa kazi yangu.

Kutoka chini ya mti hadi barabarani

Kaka yake anaapa kwamba Hamadi alipokuwa bado kalala chini ya mti, kidole gumba cha mguu wa kulia kilikuwa kinacheza. Alikiona. Alimwambia "kicheze tena", kikacheza. Walipofika hospitali, hakuna kilichocheza.

Nimelirudia jambo hili mara nyingi kichwani. Haliwezi kuthibitishwa. Baada ya pigo, ugwe huvimba kwa saa kadhaa, na misuli iliyokuwa na nguvu kidogo inaweza kunyamaza bila mtu yeyote kukosea. Na mtu aliyeona ndugu yake akianguka hukumbuka vitu kwa namna ambayo moyo unataka. Lakini namna alivyobebwa naijua kwa undani, maana watu watatu walinisimulia na hawakutofautiana. Mmoja alimshika makwapani, mwingine magotini, wakamnyanyua. Mwili ukakunjika katikati, pale pale palipovunjika. Njia ya kutoka shambani haipitishi gari, kwa hiyo walimkalisha kwenye bodaboda, mtu nyuma akimkumbatia, hadi barabarani. Huko wakasimamisha pikapu.

Siwalaumu. Walifanya haraka, wakafanya kwa mapenzi, na walichofanya ndicho ambacho kila mtu angefanya asipoambiwa vingine. Anayehisiwa kuvunjika mgongo halazimiki kuondolewa upesi kama anapumua, hatoki damu nyingi na hayuko kwenye hatari nyingine. Anaachwa alale. Wanatafutwa watu wanne au watano, kichwa, mabega na nyonga vinashikwa vikae mstari mmoja, anageuzwa mzima mzima kwa sauti ya mtu mmoja anayehesabu, kisha anawekwa juu ya kitu bapa kigumu. Shambani kule palikuwa na banda la kuwekea magunia ya karafuu, na banda lilikuwa na mlango wa mbao uliokaa kwa bawaba mbili. Mlango huo ungetosha.

Aliyekodi mikarafuu ile alikuwa na daftari la pishi za kila mchumaji, alikuwa na majamvi, mizani na mtu wa kulinda usiku. Alikuwa amejiandaa kwa kila kinachoweza kupotea shambani isipokuwa mtu. Sisemi kwamba ni mtu mbaya, na Hamadi mwenyewe hamsemi vibaya. Nasema hakuna aliyewahi kumwambia kwamba na hili ni sehemu ya msimu.

Ubao

Hospitali ya kwanza ilifanya vitu viwili vya maana: ilimpiga picha na ikamlaza juu ya ubao asipinde tena. Kisha ikaanza kazi ya kutafuta rufaa, boti ya kuvuka kwenda Unguja, damu, nauli ya ndugu wawili wa kumsindikiza, na nafasi ya upasuaji. Siku zikapita. Upasuaji wa kukaza pingili kwa skrubu na vyuma ulifanyika vizuri, lakini kwa kuchelewa.

Katika kungoja huko, ubao haukuondolewa. Ubao ni wa kubebea mgonjwa. Akifika kitandani unatakiwa utoke upesi, kwa sababu mtu asiyehisi makalio yake hawezi kujua kwamba ngozi inakufa. Ngozi iliyobanwa kati ya mfupa na mbao inaweza kuanza kuharibika ndani ya saa chache. Ndugu walikuwa wameambiwa "asitikiswe kabisa", wakatii neno hilo kwa uaminifu wa kutisha: hawakumgeuza hata ubavu. Walipomfunua kwa ajili ya upasuaji, juu ya mfupa wa nyonga wa nyuma palikuwa na doa jeusi la ukubwa wa kiganja.

Kidonda hicho kilimla Hamadi muda mwingi kuliko mvunjiko wenyewe. Mgongo ulikuwa umeshakazwa, na angeweza kuanza kukaa, kujinyanyua kwa mikono, kuhamia kwenye kiti cha magurudumu. Badala yake alilala kifudifudi na ubavu, ubavu na kifudifudi, kila saa mbili, na mkewe akiamshwa na kengele ya simu usiku kucha. Misuli ya mabega ililegea. Akapata homa ya njia ya mkojo mara mbili kutokana na mpira wa mkojo uliokaa ndani muda mrefu. Nilipompima baada ya siku za mwanzo kupita, kwa kipimo cha jeraha la uti wa mgongo kiitwacho ASIA alikuwa daraja B: anahisi kidogo chini ya jeraha, hasogezi. Baadaye paja la kulia lilianza kujikaza kidogo, upande ule ule wa kidole ambacho kaka yake alisema kilicheza. Sijui niseme nini zaidi juu ya hilo.

Mchimbaji wa Königshütte

Hapa nataka kukiweka kisa cha Hamadi kando ya kingine cha zaidi ya miaka mia iliyopita, kwa sababu viwili hivi vinapishana kwa namna inayonisumbua.

Mwaka 1917, katika mji wa Königshütte, Silesia ya Juu, wakati huo Ujerumani, ambao leo ni Chorzów nchini Poland, kijana wa miaka 18 aitwaye Ludwig Guttmann alijitolea kufanya kazi kwenye hospitali ya ajali za wachimbaji wa makaa ya mawe. Akaletwa mchimbaji kijana, mwenye mwili wenye nguvu, mgongo umevunjika, miguu imepooza. Madaktari wakamwekea pazia. Guttmann alipoanza kuandika habari zake, aliambiwa asijisumbue, mtu huyu atakufa baada ya wiki chache. Na kweli, baada ya wiki kama tano alikufa, kwa maambukizi ya kibofu na vidonda vya kulalia. Guttmann alikuja kuwa daktari wa mishipa ya fahamu, akawakimbia Wanazi mwaka 1939, na tarehe 1 Februari 1944 akafungua kituo cha majeruhi wa uti wa mgongo Stoke Mandeville, Uingereza. Michezo ya walemavu aliyoianzisha huko mwaka 1948 kwa washindani 16 ndiyo mama wa Paralimpiki. Watu wanaikumbuka michezo. Sisi wa wodini tunamkumbuka kwa jambo dogo zaidi: mgonjwa ageuzwe kila saa mbili, usiku na mchana, na kibofu kishughulikiwe kwa usafi na kwa ratiba.

Mchimbaji yule alikuwa na kitu ambacho Hamadi hana. Alikuwa na hospitali iliyojengwa kwa ajili ya wachimbaji, inayoendeshwa na mfuko wa wachimbaji, katika nchi iliyokuwa na sheria ya bima ya ajali kazini tangu 1884. Hakuna aliyeuliza kama ajali yake ni ya kazi. Kilichokosekana kilikuwa maarifa ya kumgeuza na kumsafisha kibofu. Hamadi alikuja na maarifa hayo yameenea dunia nzima, yako hata kwenye bango la wodi, lakini hakuna mfumo uliomjua kuwa ni mfanyakazi.

Na wako wengi kama yeye, wengi sana. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba zaidi ya watu milioni 15 duniani wanaishi na jeraha la uti wa mgongo, na sababu kubwa za majeraha ya ghafla ni anguko, ajali za barabarani na ukatili. Ukilichungulia neno "anguko" ndani unakuta kazi. Nepal watu huanguka mitini wakikata majani ya mifugo. Nigeria huanguka michikichi. Bangladesh, kituo cha waliopooza kilichoko Savar kiligundua katikati ya miaka ya 1990 kwamba takriban mgonjwa mmoja kati ya watano aliumia kwa kuanguka akiwa na mzigo mzito kichwani: mguu unateleza, gunia linashuka, shingo ndiyo inayolipa. Nchi tajiri nazo zina mapaa, majukwaa ya ujenzi na malori. Hata "ajali ya barabarani" mara nyingi ni dereva au utingo aliyekuwa kazini. Tofauti ni kwamba kule fundi wa paa akianguka, fomu ya kwanza inayojazwa inauliza nani alikuwa bosi wako.

Utaratibu wa kuandika hili upo, wala si wa kubuni. Orodha ya kimataifa ya magonjwa, toleo la kumi, inaipa ajali ya kuanguka mtini alama W14, na imeacha nafasi ya tarakimu moja ya kueleza mtu alikuwa akifanya nini: michezo, mapumziko, kazi ya kipato, kazi nyingine. Kwa Hamadi ingekuwa 2, kazi ya kipato. Sikumbuki kuona kadi iliyojazwa tarakimu hiyo.

Nani mwajiri?

Swali hili kaka yake aliniuliza siku moja akiwa na bahasha ya risiti mkononi. Mwenye shamba alisema: mimi nimekodisha mikarafuu, msimu huu si yangu. Aliyekodi alisema: mimi sikuajiri mtu, wachumaji wanakuja wenyewe na wanaondoka wenyewe, nalipa pishi. Alitoa fedha mara mbili, kwa hiari, na zilisaidia. Kisha msimu ukaisha, na msimu ulipoisha uhusiano nao ukaisha.

Tanzania Bara upo Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, ulioanza kazi mwaka 2015, lakini unamhusu mwenye mwajiri anayechangia, na Zanzibar si eneo lake. Kwa upande wa karafuu, Zanzibar ina kitu ambacho wakwezi wa nazi na wachoma mkaa hawana: zao lina mnunuzi mmoja, shirika la biashara la serikali liitwalo ZSTC, na upo Mfuko wa Maendeleo ya Karafuu uliowekwa kwa sheria, ambao umewahi kuwafidia watu walioanguka mikarafuu. Hilo ni jambo kubwa, na sioni kwa nini linazungumzwa kidogo hivi. Palipo na mnunuzi mmoja, kila kilo inapita mlango mmoja, na senti chache kwa kilo zinaweza kumfuata mchumaji hata kama hana mkataba. Mashamba ya mazao mengine yangetamani mlango huo.

Lakini malipo yoyote ya aina hiyo huanza na karatasi, na karatasi ya Hamadi ilisema "kaanguka mtini". Mtu huanguka mwembe akichuma maembe ya kula. Niliandika barua nikieleza aina ya jeraha, tarehe, na kwamba kwa maelezo ya mgonjwa na mashahidi alikuwa akichuma karafuu kwa malipo. Sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa wao, akaandika yake. Lile daftari la pishi lilikuwa ushahidi bora kuliko barua zote mbili, maana jina la Hamadi lilikuwa na hesabu kila siku mpaka siku moja, halafu nafasi tupu. Aliyekodi alilipiga picha akalituma bila kinyongo. Madai yalikuwa bado yanaendelea nilipokuwa naandika haya.

Wapo watakaosema ni kadari ya Mungu. Hamadi mwenyewe husema hivyo, nami sibishani naye, si mahali pangu. Ila mtu huyo huyo anayeamini kadari alinieleza kwa dakika nyingi, kidole hewani akinichorea mti, ni matawi yapi ya mkarafuu hukatika na kwa nini alisogea mbele.

Nilimuuliza kuhusu mikanda ya usalama, ile ya mafundi wa minara. Alicheka. Mkanda unafungwa kwenye kitu kisichokatika, akasema, na huko nchani hakuna kitu kama hicho. Halafu kila ukihama tawi unafungua na kufunga, na pishi haingojei. Ngazi ndefu aliziona zina maana zaidi, kwa mashamba yenye nafasi kati ya mti na mti. Wazo lake mwenyewe lilikuwa lingine kabisa: karafuu za kileleni na za pembezoni zilipwe kwa siku, si kwa pishi, na zichumwe mwisho, siku kavu, na watu wawili kwa mti, mmoja chini. "Ukilipwa kwa siku hutasogea mbele kwa ajili ya vishada viwili," alisema.

Siku hizi anakaa kwenye kiti cha magurudumu, anajitoa mkojo mwenyewe kwa mpira safi kila baada ya saa chache, na kidonda kimefunga. Msimu uliopita alikaa kwenye jamvi la kaka yake akichambua karafuu na kuhesabu pishi za wengine, kwa malipo ya kutwa. Wazo lake alimweleza aliyekodi mikarafuu, akakubali kulijaribu kwenye miti michache. Ila msimu ule matumba yalikuwa haba, hakukodi, na jambo halijajaribiwa bado.